Kozi ya takwimu za data za sumu hapa Mwanza: nililipa, nikakaa siku tano, haya ndo niliyoyakuta

Wenzangu mnaofanya tafiti za zebaki, dawa za mashambani na mambo kama hayo huku kanda ya ziwa, naandika kwa sababu kabla sijalipa nilitafuta mtu aliyewahi kuhudhuria aniambie ikoje nikakosa. Siku tano, ukumbi uko Nyegezi, ada laki nne na nusu pamoja na chakula cha mchana, unakuja na laptop yako, wanatumia R, programu ya takwimu ambayo ni bure kabisa, na wanataka uje na data zako mwenyewe. Hilo la mwisho ndo lililonivuta.

Mi data zangu ni zebaki kwenye dagaa na sangara wa mialo miwili (mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki), mmoja huku kwetu, mwingine ng'ambo ya ziwa, upande wa kuelekea kwa wachimbaji wadogo wa Geita kule wanakokamatisha dhahabu kwa zebaki halafu wanachoma. Sampuli za mwanzo zilipimwa maabara moja, mashine yao ikaharibika, zilizobaki zikaenda nyingine. Ripoti zikaja karibu nusu ya majibu siyo namba, yameandikwa tu "chini ya 0.01" na yale ya maabara ya pili "chini ya 0.05", yaani mashine haioni chini ya hapo. Nikafanya kama wengi wetu tulivyofundishwa chuoni, gawa kwa mbili, jaza, endelea.

Siku ya pili mwalimu akaweka jedwali langu kwenye projekta akauliza nusu ya 0.01 ni ngapi, na ya 0.05 je? 0.005 na 0.025. Mara tano! Yaani dagaa wawili ambao wote hawajaonekana na kitu, mmoja nimemwandikia zebaki mara tano ya mwenzake kwa sababu tu alipita kwenye mashine yenye macho hafifu, na sampuli nyingi za ule mwalo wa ng'ambo ndo zilizoenda maabara ya pili, na mimi nilishaenda kule nikawaambia akina mama wanaoanika dagaa kwamba wa kwao wana zebaki zaidi. Iliniuma sana aisee. Wale akina mama dagaa ndo ada ya shule ya watoto, na hata kwa hesabu ile mbovu hakuna sampuli iliyokaribia miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango ambacho nchi nyingi zinakitumia kwa samaki.

Dawa yake tulipewa palepale na nimeielewa vizuri kwa mfano mmoja: watu wa hospitali wanaofuatilia wagonjwa, utafiti ukiisha mgonjwa bado yuko hai, hawajui angeishi mpaka lini ila wanajua amevuka hapo, hawabuni tarehe. Huku kwetu ni hivyohivyo ila kwa kugeuza, hujui kiasi ila unajua kiko chini ya pale, basi unatumia hesabu zilezile za Kaplan na Meier za mwaka 1958, au modeli inayotumia logi za namba na inayojua kwamba namba hiyo imefichwa chini ya kikomo cha mashine. Kwenye R kuna kifurushi kinaitwa NADA kinafanya hiyo kazi.

Kingine kilichonifungua macho ni mitumbwi. Samaki 60 kutoka mitumbwi 6 siyo samaki 60 wa kujitegemea, wamevuliwa maji yaleyale usiku uleule, kama mnavyojua wanaopima sumu kwa panya kwamba watoto wa mama mmoja wanafanana, kwa hiyo ukiwahesabu kila mmoja peke yake pi-valyu (namba inayoonyesha kama tofauti inaweza kuwa bahati tu) inakuwa ndogo kwa uongo. Na sangara lazima uweke urefu wake kwenye modeli, maana mkubwa amekula wenzake miaka mingi na zebaki imejikusanya humo, huwezi kumlinganisha wa sentimita 50 na wa mita moja ukasema tofauti ni ya eneo.

Kilichonikera: mchanganyiko wa sumu, zebaki na risasi na aseniki kwa pamoja, walikibana kwenye nusu siku ya mwisho na mifano yote ya Marekani na Ulaya. Hapo ndo tulipohitaji muda kuliko kote, mtu wa machimboni havuti sumu moja, na nimetoka naweza kuendesha hizo kodi za R (maagizo ya programu) ila sielewi matokeo yake vya kutosha kuyasimamia. Niliwaandikia wafanye siku saba, bado hawajajibu. Pia intaneti ya ukumbini haifai kabisa, pakua vifurushi vyote nyumbani kabla hujaja.

Thamani ya ada nimeiona, ningelipa tena. Jedwali langu nimeshalifanya upya, tofauti ya mialo miwili imebaki ndogo sana na inaweza kuwa bahati tu. Jumamosi hii navuka kwenda ng'ambo, nimeshampigia mwenyekiti wa mwalo aniitie wale akina mama.