Million Dollar Legs (1932): muvi ya kizamani iliyonivunja mbavu

Jamani hii muvi mbona haisemwi?? Million Dollar Legs, ya Paramount, 1932, enzi ambazo sinema ndo kwanza zimeanza kuongea, haina rangi na ni kama saa moja tu, nimeimaliza na nikairudia palepale.

Stori yenyewe: kuna nchi ya kubuni inaitwa Klopstokia, imefilisika kabisa, wanawake wote wanaitwa Angela na wanaume wote George, na rais wao (W.C. Fields) anakaa madarakani kwa sababu moja tu, kwenye kuvutana mikono mezani hakuna waziri anayemuweza. Anatokea Mmarekani muuza brashi, Jack Oakie, anampenda binti wa rais, halafu anashtuka kuona watu wa hapo wana mbio na nguvu zisizo za kawaida, basi safari ya Olimpiki Los Angeles. Na kweli mwaka huohuo Olimpiki ilikuwa Los Angeles, muvi ikatoka Julai michezo ikaanza tarehe 30, yaani waliitoa ikiwa ya moto.

Kilichonimaliza ni Ben Turpin, yule mwenye makengeza aliyewika kwenye sinema za kimya. Humu ni shushushu, hasemi chochote, unashangaa tu katokea mahali na kakijitabu kake anaandika, amevaa nguo nyeusi, wenzake wanabwabwaja yeye macho tu na unacheka mpaka machozi. Sauti ilipoingia komedi nyingi ziligeuka watu kusimama na kupiga stori, hapa hapana, watu wanakimbia, wanarushana, na nadhani ni kwa sababu dairekta Edward Cline alishafanya kazi na mchekeshaji Buster Keaton tangu enzi za sinema za kimya, anajua mwili unavyochekesha. Kuna pale rais anakasirishwa kwenye kunyanyua vyuma, anakirusha kile chuma, anashinda vyuma na shindano la kutupa tufe hapohapo!! Na sura yake imekunja ndita muda wote, hatabasamu, ndo raha yenyewe.

Mambo ya mapenzi ni mepesi, hayanisumbui, ila ule wimbo wa kilugha cha Klopstokia usiuruke.

Sauti ya kopi niliyoona inakwaruza, vaa earphone, na ukitaka watoto wacheke pia waite, mbio na kuanguka havihitaji mkalimani. Kwangu 9/10.