Yojimbo na A Fistful of Dollars: muvi mbili, stori moja

Habari zenu watazamaji. Leo nawaletea muvi mbili, na naomba mzitazame zote, ikiwezekana usiku mmoja. Ya kwanza Yojimbo ya Akira Kurosawa, Japani, 1961. Ya pili A Fistful of Dollars ya Mwitaliano Sergio Leone, 1964.

Stori ni ileile. Mgeni anaingia mji unaogombewa na magenge mawili, anajiuza kwa hawa, anahamia kwa wale, anawachonganisha mpaka wanamalizana. Kwa Kurosawa stelingi ni Toshiro Mifune, samurai asiye na bwana, anajikuna na kutingisha mabega kama mtu mwenye viroboto mwilini. Kwa Leone ni Clint Eastwood, poncho (vazi pana la kutupia mabegani) na bastola. Mpaka majeneza yameigwa! Mifune anaua kwanza, ndipo anamwagiza fundi majeneza. Eastwood anaagiza matatu kabla hajaua, akirudi anaomba radhi: yawe manne.

Na ruhusa haikuombwa. Wajapani walidai haki yao, mwisho wakapewa asilimia 15 ya mapato pamoja na haki ya kuiuza muvi ya Leone kwao Japani. Marekani haikuonyeshwa mpaka 1967. Mimi nasema walistahili kulipwa, tena jina la Kurosawa lilipaswa kuandikwa tangu siku ya kwanza. Hapo simtetei Leone.

Lakini angalieni pambano la mwisho. Kwenye Yojimbo adui ana bastola, na Mifune anamrushia kisu mkononi. Leone hakulichukua hilo. Eastwood anaficha bamba la chuma chini ya poncho. Adui anamlenga moyo, anafyatua, jamaa anaanguka. Anainuka. Anapigwa tena, anainuka tena, anasogea, huku adui haamini macho yake. Hicho chuma ni cha Leone mwenyewe, na mimi kila nikiitazama sehemu hiyo nasimama.

Na chuma hicho nacho kikaazimwa. Kwenye Back to the Future Part II, 1989, muvi ya kusafiri kwenye wakati, kuna mtu anaitazama sehemu hiyohiyo kwenye televisheni. Ya tatu, 1990, stelingi wake, Marty, anarudi enzi za makauboi, anajiita Clint Eastwood, na siku ya pambano anajifunga mlango wa jiko la chuma kifuani. Safari hii mkopaji anamtaja mwenye mali waziwazi, na ndiyo maana raha inakuwa maradufu kwa aliyeona ile ya kwanza.

Mkiniuliza ipi bora, nachagua Yojimbo. Muziki wa Ennio Morricone kwa Leone ni mtamu mno, ila Kurosawa anaupanga mtaa ule kama ubao wa bao, kila mtu unajua kasimama wapi na anamwogopa nani. Anzeni nayo. Ni nyeusi na nyeupe, dakika 110, maandishi ya kusoma chini. Msiikimbie kwa sababu hiyo. Subirini tu mbwa apite barabarani na mkono wa mtu mdomoni.