Siku nzima ufukweni Goma na watoto wadogo: bustani ni nzuri, tatizo ni boti

Mzazi wa Goma mwenye watoto wadogo anaijua shida yetu. Ziwa Kivu watoto wanaliona kila siku, lakini mahali pa kuwaachia wacheze hapapatikani kirahisi. Kituku ni ufukwe wa kazi: mitumbwi, magunia ya makaa, watu wanachota maji kwa bidoni za njano tangu asubuhi. Kwingine ni mawe ya volkano tupu, makali, yanakata mguu hata kwenye sandali. Kwa hiyo naandika kuhusu bustani moja ya ufukweni upande wa Himbi, tulikokwenda Jumapili na mume wangu, mama mkwe na watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miwili na nusu.

Kiingilio hakuna, unalipia unachoagiza. Kuna nyasi zilizokatwa vizuri, kivuli cha miparachichi, na ukuta upande wa barabara, kwa hiyo mtoto akikimbia hafiki kwenye pikipiki zinazopita. Kilichonifurahisha zaidi ni pale chini majini. Wamemwaga mchanga juu ya mawe na kupanga ukuta mfupi wa mawe ndani ya ziwa, likabaki bwawa dogo ambalo maji yanafika magotini kwa mtoto. Nje ya ukuta huo ni habari nyingine. Kivu lina kina cha karibu mita 480, na sehemu nyingi ukitoka ukingoni hatua chache tu, mtu mzima hagusi tena chini. Mamba hawamo, hilo watu wote wanalijua, na ndilo linalofanya wazazi wengine walegee. Hatari ya ziwa hili ni kina.

Mdogo alikaa kwenye bwawa lile karibu asubuhi nzima. Alikuwa anajaza mchanga kwenye kifuniko cha termosi, anaumwaga juu ya miguu ya nyanya yake, anaupigapiga kwa kiganja mpaka ulale sawa, kisha anaanza upya. Mkubwa aliuliza kwa nini mawe ni meusi, na mama mkwe akamweleza jinsi lava ya Nyiragongo ilivyopita katikati ya mji mnamo Januari 2002 mpaka ikaingia ziwani. Mtoto alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo nyumbani ni nadra.

Kuna swali ninalomwomba kila mzazi aulize akifika kwenye ufukwe wowote wa upande huu: mazuku yako wapi? Mazuku ni hewa ya sumu inayotoka ardhini; haina harufu wala rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mabondeni na kwenye mashimo ya lava. Mtu mzima anaweza kusimama pale asihisi kitu, huku mtoto ambaye pua yake iko karibu na ardhi anaanguka. Mlinzi wa bustani nilipomuuliza hakushangaa. Alinipeleka mpaka kwenye kishimo nyuma ya jiko, kimezungushiwa mawe na miti, akaniambia, «Hapa, Mama, hata kuku hatuachi apite.» Kwa jibu hilo peke yake niliwapa alama nyingi. Hewa hiyo hujikusanya usiku kukiwa hakuna upepo, kwa hiyo msiende alfajiri. Sisi tulifika jua likiwa limeshapanda.

Sasa boti. Wanakodisha boti ndogo ya injini, dola 10 kwa mzunguko wa nusu saa. Jaketi za kuokolea zilikuwepo, safi, zinafungika, lakini zote za watu wazima. Nilipouliza, kijana wa boti alijibu kwa heshima: «Mama, ya mtoto haiko, lakini tutamfunga vizuri.» Nilimvalisha mkubwa pale pale nchi kavu, nikafunga mikanda yote, kisha nikainua jaketi kwa mabega. Ilipanda mpaka ikamfunika masikio. Majini ingefanya vilevile: jaketi inaelea juu, mtoto anateleza chini yake. Tulikataa, mkubwa akalia, na hatukupanda. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na Kituku, watu wakiona kwa macho kutoka ufukweni. Baada ya siku ile sielewi mtu anawezaje kukodisha boti kwa familia katika mji huu bila jaketi za watoto.

Chakula: agizeni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Zinakuja haraka, zimekaangwa zikakauka vizuri, na watoto wanazila nzima pamoja na ndizi za kukaanga. Juisi ya marakuja ilikuwa tamu. Samaki mkubwa wa kuchoma alichukua karibu saa mbili, na kwa mtoto mwenye njaa huo ni muda mrefu sana. Bora kumwagiza mara tu mnapoketi. Choo kilikuwa na maji na sabuni. Mahali pa kumbadilishia mtoto nepi hapapo, tulitumia kitenge kwenye nyasi.

Mchana upepo uliinuka na mawimbi yakaanza kuruka ukuta wa bwawa, tukawatoa watoto majini. Bebeni masweta: jua la mwinuko huu linachoma, lakini mtoto aliyelowa anaanza kutetemeka mara tu wingu linapopita. Mikutano ya familia na muziki huanza baada ya misa, na kuanzia hapo mtoto wa kulala mchana halali tena. Ningependelea Jumamosi.

Kwa bwawa, usafi na ule uangalifu wa mazuku, tutarudi, na nimeshawaambia dada zangu waende. Kuhusu boti, nilimwachia msimamizi ombi kabla ya kutoka: anunue jaketi nne za watoto, mbili ndogo kabisa na mbili za kati, zenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Alisema atamfikishia mwenye bustani. Nikirudi, nitaziomba kabla hata sijaagiza juisi.