Uganda katika Ramani za Bayoanuwai: Tathmini ya GBIF na Global Forest Watch

Zamani, mtu aliyetaka kujua ni ndege au mimea gani imewahi kuonekana katika misitu ya Budongo au Mabira alilazimika kubisha hodi kwenye makumbusho na idara za vyuo vikuu. Leo kumbukumbu hizo zinapatikana bila malipo katika GBIF, mtandao wa kimataifa wa data za bayoanuwai ulioanzishwa mwaka 2001 na ambao sekretarieti yake iko Copenhagen. Nimekuwa nikiutumia sambamba na Global Forest Watch, ramani ya misitu inayosimamiwa na World Resources Institute, katika kuandaa ziara na masomo ya mazingira. Yote mawili nayapendekeza, ila kwa sharti kwamba mtumiaji ajue nukta iliyo kwenye ramani imefikaje hapo.

Katika GBIF ni afadhali kutafuta kwa jina la kisayansi. Ukiandika Balaeniceps rex na kuchagua Uganda, utaletewa kumbukumbu za korongo nyangumi, nawe utavutwa kutazama Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, na delta ya Murchison Falls ambako Nile inaingia Ziwa Albert. Hizo ndizo sehemu ambazo waongoza watalii huwapeleka wageni kumtafuta ndege huyo. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za GBIF ni za ndege, na nyingi zinatoka eBird, jukwaa la Chuo Kikuu cha Cornell linalopokea taarifa za watazamaji wa kawaida. Kwa hiyo ramani inaeleza mienendo ya watu wenye darubini karibu sawa na inavyoeleza mienendo ya ndege. Eneo tupu la Karamoja au la vinamasi vya Ziwa Kyoga lisichukuliwe kuwa halina kitu, kwani huenda hakuna aliyefika huko na daftari.

Jambo la pili linatuhusu sisi tunaoishi kwenye Ikweta. Kampala iko karibu na latitudo 0.3 kaskazini na longitudo 32.6 mashariki; aliyeingiza data akibadilisha nafasi za namba hizo mbili, ndege wa Kampala anatua katika jangwa la Algeria. Bwindi nayo iko kusini ya Ikweta, ambako latitudo huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo alama hiyo ikisahaulika, gorila wa milimani wanahamia Ituri, ndani ya Kongo. GBIF huziwekea alama kumbukumbu ambazo nchi iliyotajwa haipatani na mahali nukta ilipoangukia, na ni busara kufungua kichujio hicho kabla ya kupakua chochote. Kutazama hakuhitaji akaunti, lakini kupakua kunahitaji. Faili unalopata lina kitambulisho cha kudumu ambacho mwanafunzi wa Makerere anaweza kukinukuu katika tasnifu yake, na msomaji mwingine akaifikia data ileile.

Usishangae pia ukiona sokwe amewekwa katikati ya shamba. Kumbukumbu zinazotoka iNaturalist, jukwaa jingine la watazamaji wa viumbe, hufichiwa mahali halisi pale ambapo kiumbe yuko hatarini, na nukta hutupwa popote ndani ya mraba ambao kwetu una upana wa takriban kilomita 22. Kwa nchi yenye majangili, naona uamuzi huo ni sahihi kabisa.

Global Forest Watch ni ya namna nyingine. Data yake ya kila mwaka ya upotevu wa miti, inayotayarishwa na Chuo Kikuu cha Maryland kwa picha za setilaiti za Landsat, inaanzia mwaka 2001, na kila kipande cha picha kina upana wa mita 30. Rangi ya waridi inayoonyesha upotevu humshtua mtu upesi, na hapo ndipo makosa ya tafsiri yanapozaliwa, kwa sababu mfumo unahesabu miti yenye urefu wa mita tano au zaidi bila kujali imepandwa na nani. Mikaratusi na misonobari ya biashara ikivunwa Mubende inapakwa rangi ileile ya msitu wa asili uliofyekwa Bugoma. Kabla ya kusambaza picha ya ramani katika kundi la WhatsApp, mtu aweke juu yake mipaka ya misitu ya hifadhi, kisha aitazame picha halisi ya setilaiti.

Tahadhari za karibuni za upotevu wa miti katika Global Forest Watch ndizo zilizonifurahisha zaidi, hasa zile za rada, ambazo hupenya mawingu. Katika majira ya mvua picha za kawaida hazina msaada mkubwa. Kurasa zote mbili hazina Kiswahili, nazo hula bando na kuielemea simu ya bei nafuu, kwa hiyo kazi ya mezani ifanywe kwa kompyuta. Kwa wanaoingia msituni kuna programu ya simu, Forest Watcher, inayofanya kazi bila mtandao, ilimradi eneo la doria lipakuliwe ungali mjini.