Boksi la kahawa za nyanda za juu: uzoefu wangu

Boksi lina mifuko sita midogo: Yirgacheffe ya Ethiopia, Nyeri ya Kenya, Huila ya Kolombia, Geisha (hilo ni jina la aina ya mbuni) ya Boquete kule Panama, Gayo ya Sumatra, na Cerrado ya Brazili. Kwenye kila mfuko mwinuko umeandikwa kwa maandishi makubwa kuliko jina la nchi, na kijikaratasi kilichomo ndani kinadai kwamba kadiri kahawa inavyolimwa juu ndivyo inavyokuwa tamu. Boksi ni zuri, nalipendekeza. Hilo dai la kijikaratasi ndilo lenye walakini, na mifuko yao wenyewe inalikanusha.

Kwanza haki yao. Mbuni wa arabika hupenda jotoridi la nyuzi 18 hadi 22 hivi, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Kwa hiyo shamba lililoko mita 1,900 karibu na ikweta lina baridi ya nyuzi tano na ushei kuliko lililoko mita 1,000. Baridi hiyo huchelewesha tunda kuiva. Mti unatengeneza sukari mchana, na usiku wa baridi hautumii nyingi kwa kupumua, basi punje inajaa polepole na kutoka ngumu, iliyoshikamana, yenye uchachu mwingi na harufu nyingi. Guatemala walishaigeuza hali hiyo kuwa daraja la biashara: kahawa yao ya juu huuzwa kwa jina la punje ngumu kabisa.

Ugumu huo huhitaji kuambiwa, unausikia mkononi. Mimi nasaga kwa kinu cha mkono. Nyeri na Yirgacheffe zilinitoa jasho, mpini unakwama na kuachia; Cerrado ilisagika kama mkate mkavu. Ukizimwaga juu ya karatasi nyeupe utaona tofauti nyingine. Punje za Yirgacheffe ni ndogo, na ule mfereji wa katikati umefumba na kupindapinda. Za Cerrado ni nene, mfereji umenyooka na uko wazi. Niliacha kila kitu kingine sawa: gramu 15 kwa gramu 250 za maji ya nyuzi 94, kichujio cha karatasi, hakuna sukari wala maziwa.

Yirgacheffe ndiyo iliyonikamata. Hapa ni kusini mwa Ethiopia, mita 1,700 hadi 2,200, na hii ilikuwa ya kuoshwa, yaani tunda limemenywa na punje kuoshwa kabla ya kuanikwa. Harufu ya asmini inakufikia kabla hujainua kikombe, halafu ndimu, halafu kitu kinachofanana na chai nyepesi. Ikipoa inazidi kuwa tamu. Kahawa mbaya ikipoa hujianika yenyewe, ndiyo maana waonjaji huirudia ikiwa vuguvugu.

Nyeri ni mkali. Lebo inataja beri nyeusi; mimi nilipata balungi na nyanya iliyoiva, na uchachu unaobana taya. Kijikaratasi kinaupa sifa zote udongo mwekundu wa volkano na mwinuko wa miteremko ya Mlima Kenya. Sawa, lakini kimeruka aina za mbuni. SL28 na SL34 zilichaguliwa miaka ya 1930 kwenye maabara za kilimo za Scott, Kenya, na SL28 hasa ina uchachu wake popote inapostawi vizuri. Kimeruka pia kazi ya viwandani: matunda yanamenywa, yanachachushwa, yanaoshwa, na mara nyingi punje zinalowekwa tena kwenye maji safi kabla ya kuanikwa. Ukipata kikombe kisafi cha Nyeri, mlima umechangia, na mikono ya watu imechangia si haba.

Geisha nayo ina safari inayostahili kusimuliwa. Mbegu zilitoka misitu ya Ethiopia miaka ya 1930, zikapitia kituo cha utafiti cha Lyamungu, Tanzania, zikafika Turrialba, Kosta Rika, mwaka 1953, ndipo zikaenda Panama. Huko zilikaa miaka mingi bila kushangiliwa na mtu. Kisha shamba la Hacienda La Esmeralda likaanza kuonja kahawa ya kila kipande cha shamba peke yake, na mojawapo ya vipande vya juu kikawa na harufu ya maua ambayo wengine hawakuwa nayo. Mwaka 2004 wakashinda mashindano ya Panama, na bei ikapaa. Kikombe changu kilikuwa na maua na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, mwili mwembamba (yaani kahawa nyepesi mdomoni), ladha inayokaa mdomoni muda mrefu. Kizuri mno. Ila sioni kama kinaizidi Yirgacheffe kwa kiasi ambacho wauzaji wanataka tuamini, na katika boksi hili Geisha ndiyo mfuko mdogo kuliko yote.

Huila sina mengi ya kusema: sukari guru, tufaha jekundu, uchachu wa kiasi. Ndiyo kahawa ya kunywa kila asubuhi bila kufikiri, na mfuko wake ndio ulioisha kwanza.

Sasa njoo Gayo. Lebo inasema mita 1,500, yaani haiko chini kabisa, lakini ndani ya kikombe hakuna maua, hakuna ndimu, uchachu ni wa kutafuta. Kuna udongo wenye unyevu, mwerezi, viungo, na mwili mzito. Sababu iko kwenye ukoboaji. Sehemu kubwa ya kahawa ya Sumatra hukobolewa ikiwa bado mbichi, kisha punje zilizo uchi ndizo zinazomalizia kukauka. Kwingineko punje hukauka ndani ya ganda lake la ngozi na kukobolewa mwishoni. Hatua hiyo moja inafunika sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko ulikiweka. Anayenunua Gayo kwa sababu ya namba ya mita atashangaa. Anayependa kahawa nzito atafurahi sana.

Cerrado ina kasoro mbili, na hakuna hata moja iliyo ya Brazili. Ya kwanza ni kuiweka mkiani kwa sababu imeandikwa mita 1,100. Mita 1,100 katika latitudo ya 18 au 19 kusini si mita 1,100 za ikweta; ukienda mbali na ikweta, baridi inashuka chini zaidi. Ndiyo maana kahawa ya Kona, Hawaii, hulimwa hata chini ya mita 600 na bado ina jina. Kasoro ya pili ni ya mkaangaji wa boksi. Kaikaanga Cerrado nyepesi kama zile za juu, ikatoka na ladha ya karanga mbichi. Kahawa ya namna hii inataka kukaangwa mbele kidogo ili ile chokoleti na njugu zijitokeze. Niliongeza joto la maji na kusaga laini zaidi, ikawa afadhali, lakini haikufika ilikotakiwa.

Nilipenda kwamba kila mfuko una tarehe ya kukaangwa. Sikupenda kwamba hakuna mwaka wa mavuno, wala namna ya uandaaji isipokuwa kwenye Yirgacheffe. Kwenye Nyeri wameandika “mita 1,800” kavu, kana kwamba ni shamba moja, ilhali kiwanda cha ushirika hupokea matunda ya wakulima wadogo wengi, wengine juu ya kiwanda, wengine chini yake. Kwenye Huila wameandika mita 1,500 hadi 1,900, na hiyo naiamini zaidi kwa sababu inakiri kwamba mlima una mteremko.

Nimewapa nyota nne. Nikiagiza tena nitachukua Yirgacheffe na Huila kwa mifuko mikubwa, na Gayo kwa siku za mvua. Geisha nitaiacha mpaka waanze kuandika imeoshwa au imeanikwa ikiwa tunda zima, maana kwa bei ile hilo ni swali ninalotaka lijibiwe kwenye mfuko.