SportPesa kwa jicho la shabiki wa K'Ogalo (Gor Mahia)

Kilichoipa SportPesa, kampuni ya kubeti, wateja Kenya tangu 2014 ni urahisi. Hata mwenye kabambe, simu ya kawaida isiyo na intaneti, aliweza: unaweka pesa kwa M-Pesa, unatuma ujumbe mfupi wenye nambari ya mechi na ubashiri wako, mkeka (orodha ya ubashiri wako) umekubaliwa. Kwa hilo naipa nyota nne.

Jakpoti ya mechi 17 naipa moja. Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, sare, au mgeni ashinde. Ukizidisha tatu kwa tatu hadi mechi ya 17, unapata mikeka tofauti zaidi ya milioni 129, na mmoja tu ndio sahihi. Ni kweli Mei 2017 kuna aliyepatia zote akabeba zaidi ya shilingi milioni 221. Lakini nawasihi vijana: pigeni hesabu hiyo kabla ya kutuma shilingi mia yenu.

Nyota tano naziweka kwenye mpira wenyewe. Juni 2017, Dar es Salaam, Gor tuliifunga Ingwe (AFC Leopards) 3-0 kwenye fainali ya SportPesa Super Cup, na zawadi ikawa kucheza na Everton ya Uingereza. Mwezi uliofuata Rooney, ndio kwanza amerudi klabu yake ya utotoni, akatufunga kwa shuti la mbali. Mshambuliaji wetu Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, tukalala 2-1. Novemba 2018 tukaalikwa Goodison Park kwenyewe, uwanja wa Everton wakati huo. Tulipigwa 4-0, sawa, lakini jezi ya kijani ilikanyaga uwanja ule! Na Julai 2019 Kariobangi Sharks wakaitoa Everton kwa penalti pale Kasarani, baada ya sare ya 1-1.

Ila udhamini wa SportPesa kwa klabu kama yetu ulitegemea upepo wa serikali. Januari 2018 ushuru wa kamari ulipofika asilimia 35, kampuni ilikatiza udhamini wa michezo nchini. Baadaye ikarudi kuidhamini Gor. Halafu Julai 2019 leseni haikuhuishwa, na Septemba ikafunga shughuli zake Kenya. Mwaka uliofuata jina likarudi sokoni kupitia kampuni ya Milestone Games, lakini katikati hapo wachezaji ndio walioumia.

Kwa hiyo klabu yoyote inayokaa mezani na kampuni ya kubeti, hii au nyingine, idai mishahara ya msimu mzima iwekwe benki kabla nembo haijachapishwa kwenye jezi.