8x42 au 10x42: darubini ipi itakutenganishia keremkerem wawili wa pwani?

Ukitaka kuijua darubini, ielekeze kwa keremkerem (ndege mla-nyuki) mashavu-buluu, kisha kwa keremkerem wa Madagaska. Wote wana sentimita 31 hivi pamoja na nyoya mbili ndefu za mkia, wote wana rangi ya kutu chini ya mbawa, na wote hupenda kutua kwenye nyaya za umeme, anga jeupe likiwa nyuma yao. Tofauti iko kichwani. Wa Madagaska ana utosi wa kahawia, na michirizi myeupe juu na chini ya utepe mweusi wa jicho. Mwenzake ana utosi wa kijani kama mgongo, na michirizi hiyo kwake ni buluu.

Kalenda husaidia kiasi tu. Mashavu-buluu hutoka Asia, akakaa kwetu Oktoba hadi Aprili. Wa Madagaska huja zaidi Mei hadi Septemba, ila wapo wanaozaliana huku huku Afrika Mashariki.

Basi kinachotakiwa ni rangi ya kweli kuliko ukuzaji. Katika 8x42, 8 ni ukuzaji na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5.25. Kwa 10x42 ni 4.2, na alfajiri upungufu huo unaweza kuufanya utosi wa kahawia uonekane mweusi tu. Tena 10x hukuza mtetemo wa mkono, na mchana hukuza mawimbi ya joto. Chukua 8x42, 10x iachie mwenye kuifunga kwenye stendi.

Kabla ya kulipa, tazama waya wa umeme dhidi ya anga. Ukiona ukingo wa zambarau umeufuata, iache: lenzi hiyo itapaka buluu kwenye nyusi nyeupe. Kisha ishike darubini sentimita 30 kutoka usoni, uelekee mwangani. Kila upande uone duara kamili la mwanga, la kama milimita 5. Kingo zikiwa za mraba, kioo cha ndani ni hafifu. Vile vidarubini vidogo vilivyoandikwa 30x60 havifiki hata nusu ya namba hizo zilizoandikwa.

Wengi hulaumu lenzi kumbe hawajalinganisha macho. Ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha ziba ya kushoto, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia pekee.

Pwani adui ni kuvu. Nunua iliyojazwa naitrojeni, gesi kavu isiyo na unyevu, na usiifungie kwenye mfuko wa ngozi ikiwa na unyevu.